Leso Juu ya Kompyuta

Jumapili, 3 Oktoba 1999

Kamera imefika! Ndugu yangu Mohdhar, miaka yote hiyo yuko Dubai hakunikumbuka hata kwa chupa ya udi, leo kaniletea kwa mkono wa rafikiye kitu kinachotosha kiganjani. Kanda zake ndogo, kama kiberiti. Kaandika kwenye karatasi: "Hii ni dijitali, Barke. Usiifananishe na lile jeneza unalolibeba begani." Jeneza! Kamera yangu ya zamani imenilisha tangu nilipoachika, leo imekuwa jeneza. Lakini nilipoitazama picha ya hii mpya nikanyamaza. Niliona mpaka vinyweleo vya mkono wangu.

Kaniambia pia niandike kila siku ya kazi: hali ya hewa, mwanga, nini kilichoharibu picha na nini kilichoitengeneza. Haya, nitaandika. Ila mimi siwezi kuandika mwanga nikaacha watu.

Jumatatu, 4 Oktoba

Joto. Hakuna mvua. Nimepiga picha paka.

Ijumaa, 8 Oktoba

Mohdhar alinipa jina la kijana mmoja wa Junda, Randu, walisoma pamoja. Huenda mahotelini kuwapiga picha wazungu wakizamia, na ana kompyuta chumbani kwake aliyoachiwa na Mjerumani. Nimekwenda kumuuliza mawili matatu, akanihutubia kama imamu wa Ijumaa. Kanda mpya uipeleke mpaka mwisho na uirudishe kabla ya kutumia. Usipige kwa ule mwendo wa polepole wa kubania kanda, picha itakuja na viraka. Anza kila kanda na picha ya bure, mwanzo wake hauaminiki. Elekeza kamera kwenye kitu cheupe kwanza, ijue weupe ni upi, la sivyo bi arusi atatoka manjano. Unyevu ni adui. Na kanda ikishapigwa, usirudie kupiga juu yake.

"Hata ikishanakiliwa?" nikamuuliza.

"Hata ikishanakiliwa, Bi Barke. Ile ndiyo asili."

Nikamjibu hewala. Moyoni nikasema, maneno ya mtu anayenunuliwa kanda na wazungu. Mimi kanda hizi sina pa kuzinunua hapa, mpaka Mohdhar alete. Mkewe, Kadzo, alikuwa mlangoni akikaanga mihogo. Akanikaribisha vizuri. Nilikataa, nguo zangu zisinuke mafuta.

Jumapili, 17 Oktoba

Arusi ya kwanza kwa kamera mpya, hapa hapa Magogoni. Wanawake wamenizunguka kama nimeleta mtoto mchanga. "Barke, hiko ndicho kitu chenyewe?" Nikajikohoza nikajidai, wallahi nilijidai.

Lakini jioni nilipoinakili kwenye kanda kubwa ya video kwa ule waya wa manjano, na kukata na kuunga kama ninavyofanya siku zote kwa mashine mbili, picha ikafifia. Nyekundu imekuwa tope. Nimevunjika moyo.

Jumatano, 20 Oktoba

Randu anasema kosa ni lile la kunakili nakala. Kila ukinakili, picha hupungua. Lakini kwa waya mwembamba wa kidijitali, kanda inachezwa ndani ya kamera na kuingia kwenye kompyuta vile vile ilivyo, bila kupungua hata nukta. Unaikata humo ndani, kisha unaitoa mara moja tu kwenye kanda kubwa. "Safi kama siku ileile," asema.

Safi, ndiyo. Lakini Randu ni mwanamume. Wanawake wakishaingia ukumbini, buibui zikavuliwa na nywele zikafunuliwa, anayeingia na kamera ni mwanamke, na kanda ile haionwi na mume wa mtu wala ndugu wa mtu. Nimewaahidi hivyo nyumba zote za Kisauni. Ndilo lililonipa jina. Wapiga picha wazuri wako wengi, lakini anayeaminiwa ni Barke.

Alasiri akaja Bi Dhahabu. Huyu ndiye rafiki wa marehemu mamangu, ndiye aliyemuosha. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akanipapasa bega kabla ya kunishika mkono, nikajua macho yamezidi. Ni sukari. Bintiye Mwanatabu, mtoto wake wa pekee, aolewa mwisho wa mwezi huu na Mbwana, yule aliye Uingereza, na wiki ya pili waondoka.

"Mwanangu Barke," akasema, "daktari kaniambia macho haya hayana ahadi. Leo naona uso wako, ila pembeni pana ukungu. Zile kanda zako za zamani siku hizi naona moshi tu. Nasikia hii yako mpya yaonyesha sana. Nataka nimuone mwanangu siku yake, nimuone vizuri, nimtie moyoni kabla hayajafungwa haya."

Nikamwambia, "Mama, utamuona mpaka kope. Nakuahidi." Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mawingu. Kanda nimezitia kwenye kopo la biskuti lenye mchele mkavu. Nikah imesomwa leo msikitini.

Jumapili, 31 Oktoba

Kupamba kwa Mwanatabu. Mwanga wa dirishani mzuri baada ya alasiri, nikaifundisha kamera weupe kwa kitambaa cha sahani ya halua. Kanda mpya, mwendo kamili, kila alichosema Randu nimefanya.

Mwanatabu alipofunuliwa ukaya ukumbi mzima ulipiga vigelegele, nami nikasahau kupumua. Hina mpaka viwikoni, asumini shingoni, na kile kidevu cha mamake. Sijawahi kuchukua picha kama ile. Kero ilikuwa moja tu, Mwanasiti, mdogo wake Bi Dhahabu, khaloo yake bi arusi. Kila nikitulia yeye apita mbele na sahani, na Mungu hakumnyima mwili. Nikamwambia, "Khaloo, mgongo wako umenijazia kioo chote!" Akanicheka: "Piga tu, na mgongo huu pia uliwahi kuolewa." Watu wakaangua kicheko.

Bi arusi naye macho mlangoni. Nikimuweka sawa, ageuka. "Mwanatabu, tazama huku. Huku, mwanangu, kwa kamera." Atazama kidogo, ageuka tena. Bi Dhahabu mwenyewe sikumuona muda mrefu, nikadhani yuko na wapishi.

Jumatatu, 1 Novemba

Bi Dhahabu kaja asubuhi, hata chai sijanywa. Ati nimchomekee kamera kwenye TV yake atazame hivyo hivyo, mbichi.

Nikamwambia, "Aka, mama! Haijakatwa, haijatiwa jina, mwanzo wake picha ya bure. Ngoja nikutengenezee safi."

"Mimi sitaki jina. Jina lake nilimpa mimi."

"Ngoja, mama. Utanishukuru."

Akangoja. Alikwenda zake akigusa ukuta. Nilijihisi fundi kweli kweli, mtu asiyetoa kazi mbovu.

Jumamosi, 6 Novemba

Leo nimefanya jambo la akili. Nimepata njia ya kuitia kanda kwenye kompyuta na ahadi yangu isivunjike.

Nilikwenda Junda na leso mbili nzito. Randu akaunga waya, akanionyesha pa kubonyeza, na kabla picha haijatokea nikaifunika kompyuta yote kwa leso, kioo na sanduku lake, nikafunga fundo kwa nyuma. Randu akashangaa. "Bi Barke, lazima mtu atazame. Mashine hii ni ya zamani, picha ikikwama hatutajua."

"Atazame nani? Wewe?"

"Mimi nitatoka nje. Atazame Kadzo. Ni mwanamke mwenzenu."

Kadzo alikuwa pale mlangoni, mikono ina unga. Nikacheka, na naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Kadzo atajua nini cha kompyuta? Na aache mihogo yake iungue?" Kadzo akafuta unga mikononi. Alirudi kwenye karai lake.

Nikaingiza kichwa chini ya leso nitazame mwenyewe. Joto kama la mtu anayefukizwa. Nilimuona Mwanatabu mwanzo mwanzo, anameremeta, nikasema imekubali. Nikatoka jasho likinitiririka, nikakaa kwenye kigoda nje, nikaswali adhuhuri chumbani kwa Kadzo. Kanda ilipofika mwisho kamera ikalia ta! nikarudi. Randu akasema, "Fungua basi wewe mwenyewe utazame kama imeingia yote." Mvua ilikuwa imeanza kutanda upande wa Mtopanga, nami nimeacha nguo kambani. Nikamwambia izime, nitakuja siku nyingine tuikate. Alipozima nikafungua leso zangu. Lile sanduku lilikuwa la moto kama jiko. Nikalipulizia, nikacheka.

Jumatatu, 8 Novemba

Mvua kubwa. Mwanatabu ameondoka. Bi Dhahabu alimshika uso kwa mikono miwili, muda mrefu, mpaka Mbwana akatazama saa. Barabara imejaa maji mpaka Kiembeni.

Jumatano, 10 Novemba

Shaaban imeingia. Arusi zitafuatana, watu wanakimbizana na Ramadhani. Bi Dhahabu kauliza. Nimesema: "Bado kidogo, mama."

Jumapili, 14 Novemba

Arusi ya Kulthum, ya matajiri wa kule juu barabarani. Hema, mapazia, viti vya dhahabu. Kanda yangu mpya ya mwisho ikaisha kabla bi arusi hajasimama kukata keki. Wenyewe wananitazama. "Vipi, Barke, hiyo dijitali imechoka?" Mkobani nilikuwa na kanda ya Mwanatabu. Nikasema, hii si imeshaingia kwenye kompyuta? Nikairudisha mwanzo, nikapiga juu yake. Keki ya Kulthum ilikuwa na ngazi kama za msikiti, na picha imetoka safi mno.

Alhamisi, 18 Novemba

Ya Rabbi. Ya Rabbi.

Nilikwenda Junda asubuhi nikiwa na furaha. Randu alishanifundisha vitufe, akatoka nje kwa adabu yake, nikakaa peke yangu kuikata kanda ya Mwanatabu. Nikabonyeza. Akaja Mwanatabu, chini ya ukaya, mkono wa somo wake, kungwi wake, ukielekea kuufunua. Akaja Mwanasiti na sahani, akanijazia kioo. Nikangoja apite.

Hakupita.

Nikasukuma mbele. Mwanasiti. Nikasukuma tena. Mgongo wa Mwanasiti, gauni la maua ya zambarau, ukingo wa sahani. Na nyuma ya mgongo ule nasikia vigelegele, nasikia wanawake wakiimba, nasikia sauti yangu mwenyewe, "Mwanatabu, tazama huku," na picha haitikisiki. Mpaka mwisho. Sauti yote imeingia. Picha imekwama palepale mwanzoni, ikaganda.

Nikamwita Randu. Hapakuwa na cha kumficha tena, ni mgongo tu wa mtu aliyevaa. Akatazama, akashika lile sanduku la kompyuta. "Ni joto," akasema. "Hapa nyuma pana feni, Bi Barke. Leso iliziba pumzi yake. Ikawa haiwezi kuifuata picha." Hakunilaumu. Ingekuwa heri anilaumu. Akasema tu, "Lakini hapana neno, tuirudie. Kanda si unayo?"

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili wakanitazama, wananingoja.

Nikasema, "Iko nyumbani."

Nimetembea kutoka Junda kwa miguu ndani ya mvua. Nimefika nimeirudisha kanda mwanzo nikaitazama, labda pamebaki kipande. Keki. Keki, mapazia, na shangazi zake Kulthum wakicheza. Mwishoni, baada ya arusi ile kuisha, pamebaki Mwanatabu wa kitambo kidogo tu: wageni walishaanza kutoka, watu wanatafuta viatu, na yeye yuko mbali, nyuma ya watu, hata uso hauonekani. Nimelia mpaka nikaogopa majirani watasikia. Mimi niliyekataa kupiga kazi mbovu! Nilipewa mwana wa watu nimhifadhi, nimemfuta kwa mkono wangu kwa ajili ya keki.

Ijumaa, 19 Novemba

Mvua. Nimekaa ndani. Bi Dhahabu katuma mtu kuuliza. Nimesema naumwa.

Jumatatu, 22 Novemba

"Bado, mama, umeme ulikatika."

Alhamisi, 25 Novemba

"Bado, mama, ule waya una hitilafu." Akasema, "Hapana neno, mwanangu, usijitaabishe. Ila fanya upesi." Alikuwa barazani kwake, anapepeta mchele, na chuya zote ameziacha ndani.

Njia ya mwongo ni fupi, mamangu alikuwa akisema. Yangu mbona yaendelea tu?

Jumapili, 28 Novemba

Nimekataa arusi ya leo. Nimesema kamera imeingia unyevu. Kamera haina hata tone. Kila nikiishika naona haya, kama mtu aliyevaa nguo ya kuiba.

Jumatano, 1 Desemba

Yamezuka maneno. Mwanasiti kasikia kwamba nilionekana Junda nikiingia kwa mwanamume na kamera. Basi amepita nyumba kwa nyumba: kanda haitoki kwa sababu Barke amewapa wanaume waitazame, mwili wake yeye Mwanasiti umetazamwa na Junda nzima. Leo dukani wanawake wawili walinyamaza nilipoingia.

Ningeweza kuudhika, maana hilo silo nililolifanya. Lakini nilipofika karibu na nyumba ya Bi Dhahabu nikamsikia akimfokea mdogo wake kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: "Mwanasiti, ogopa Mungu! Barke namjua tangu tumboni. Mamake nimemuosha kwa mikono yangu hii. Wallahi mtoto yule hawezi kuniharibia mwanangu!"

Nikageuka nikapita njia ya nyuma. Ameniapia. Bibi wa watu amelitaja jina la Mungu kwa ajili yangu, na mimi nimesimama nyuma ya ua kama mwizi wa kuku. Nimejichukia leo zaidi ya siku ile ya keki.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwenda Junda. Nilidhani nakwenda kwa Randu, kumbe nilikuwa na la kusema kwa Kadzo. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwambia, "Siku ile nilikudharau. Ungetazama wewe, picha ingeonekana imekwama."

Akageuza muhogo. "Ningeona, dada. Mtu akisimama mahali mpaka mihogo ikaiva, utajua hayuko sawa." Hakusema kwa kunicheka. Akanipa kipande, nikala, mafuta yakanidondokea buibuini.

Randu alikuwa amenitolea ile iliyoingia kwenye kompyuta, akaitia kwenye kanda kubwa ya video. "Sauti yote imo," akasema. "Picha ndiyo ile. Wapelekee hivyo hivyo." Nafikiri ameshajua kwamba asili haipo. Hajaniuliza tena.

Nimeamua. Siku ya kuombana radhi, mkesha wa Ramadhani, nitakwenda kwa Bi Dhahabu, niweke kanda, aone mwenyewe. Akiuona mgongo, nusu ya maneno itakuwa imeshasemwa, nami nitamalizia nusu.

Alhamisi, 9 Desemba

Kesho Ramadhani inshallah. Tangu adhuhuri watu wapita majumbani kuombana radhi. Nilingoja Mwanasiti atoke kwenda Kongowea kununua tende, nikaingia kwa Bi Dhahabu na kanda chini ya buibui.

"Abee, ni Barke?" Alinijua kwa hodi. Nikamwambia nimeleta. Yule mama alisimama! Akafuta mikono kwenye leso, akajitengeneza ukaya kama anayekwenda kupokea wageni, akakaa karibu kabisa na TV. Kanda ikagoma kuingia, ikaingia. Nikakaa nyuma yake. Nikasema moyoni, sasa.

Ukaja ukaya. Ukaja mgongo wa Mwanasiti, ukasimama.

Vigelegele vikapiga. Bi Dhahabu akaweka mkono mdomoni. "Mashallah," akasema. "Mashallah, mwanangu."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Tazama anavyong'aa, Barke. Tazama hina ile. Ama kweli, hii ni safi. Namuona kama yuko hapa." Machozi yakimtoka, anaitikia kwa kichwa zile nyimbo, na mbele yake hapana kitu ila gauni la maua ya zambarau. Nikainama kidogo kumtazama usoni. Macho yake hayakuwa kwenye TV hata. Yalikuwa yakitazama ukuta, pale sauti inapotoka.

Haoni. Haoni hata kidogo, na hajamwambia mtu.

Sasa naandika nililolifanya hapo, maana hilo ndilo la aibu kuliko yote. Nilipumua. Moyo wangu ulitulia! Nilijiambia, basi imekwisha, hatajua, nimeokoka. Nilifurahia upofu wa mama aliyemuosha mamangu. Ilikuwa kwa kitambo tu, lakini nilifurahi, na Mungu aliniona.

Ilipokwisha akanishika mkono. "Sasa nisamehe, mwanangu. Nimekusumbua sana kwa kukuulizauliza, na mdogo wangu amekusema vibaya. Kesho ni saumu. Niwie radhi."

Na mimi nikasema, "Nimekuwia radhi, mama." Nilimsamehe, mimi! Nikasikia ndara za Mwanasiti barazani, nikazima TV, nikaichomoa kanda, nikasema ina kasoro ndogo mwishoni nitairudisha. Nikatoka mbio.

Ijumaa, 10 Desemba

Nimefunga. Sikuweza kula daku.

Baada ya alasiri nimekwenda. Bi Dhahabu alikuwa peke yake chumbani, tasbihi mkononi. Sikukaa kitini, nilikaa chini. Nikasema kabla sijaogopa: "Mama, jana kwenye TV hapakuwa na Mwanatabu."

Tasbihi ikasimama. "Palikuwa na nini?"

"Mgongo wa khaloo Mwanasiti. Mwanzo mpaka mwisho. Picha ilikwama."

Nilidhani atauliza ilikwamaje. Hakuuliza hilo. "Na wewe ulikaa," akasema polepole, "ukanitazama mimi nikimtazama."

"Ndiyo, mama."

"Ukanisikia nikisema mashallah."

"Ndiyo."

"Nikakuomba radhi. Na ukaitikia."

Nikamueleza yote basi, leso, joto, Kadzo, keki ya Kulthum. Sikuacha kitu. Nikamwambia hata nilivyopumua. Alisikiliza akiwa ameinua uso, na mara ya kwanza niliona jinsi macho yake yalivyofunikwa.

"Ile siku ya pili nilikuomba," akasema. "Nilikuja kwako asubuhi. Nilikuwa bado naona, Barke. Nilikwambia nitilie hivyo hivyo. Ukaniambia haijawa safi."

"Nilikwambia hivyo, mama."

"Haya macho yalifunga wiki ile Mwanatabu alipoondoka. Mwanasiti hajui. Akijua yeye, atajua Mwanatabu, na Mwanatabu akijua atamuacha mumewe aje aniongoze chooni. Sasa wajua wewe. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilimuosha mamako, na sijamtolea siri yake hata moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Msamaha leo sina. Usinihimize. Nina saumu tu." Akaanza tena tasbihi, nikadhani nimefukuzwa, nikasimama. Nilipofika mlangoni akasema, "Kesho alasiri uje. Hakuna aliyemtazama mwanangu siku ile kama wewe. Ulikuwa na jicho lako kwenye kile kitundu muda wote. Utakuja kila siku unieleze, kidogo kidogo. Na usinitilie chumvi. Umeshanipambia vya kutosha."

Jumamosi, 11 Desemba

Nimekwenda. Tumefika kwenye kuingia kwake tu, viatu na udi. Mwanasiti ametukuta, kaninunia, Bi Dhahabu kamwambia amkaribishe mgeni. Nilimwambia Mwanasiti mbele yake kwamba kanda imeharibika, nimeiharibu mimi, na hakuna mwanamume aliyeuona uso wa mtu. Akanisonya. Ana haki yake.

Jumatatu, 13 Desemba

Mvua imekatika. Leo tumefika kwenye hina. Akaniuliza, utepe wa nywele ulikuwa rangi gani? Ulimi ulitaka kusema dhahabu, ungempendeza. Nikasema, "Sikumbuki, mama."

"Basi sema hivyo hivyo. Endelea."

Nikamwambia vile ukaya ulivyofunuliwa, na kidevu chake. Nikafika pale paliponiudhi, nikasita, kisha nikasema: "Hakuwa akitulia. Kila mara alikuwa akitazama mlangoni. Sikujua kwa nini."

Mkono wa Bi Dhahabu ukautafuta wangu, ukaushika. "Alikuwa akinitafuta mimi," akasema. "Nilikuwa jikoni nyuma ya mapipa, nalia, sikutaka anione. Alinitafuta mara nyingi?"

"Mara nyingi, mama."

Na mimi kila alipogeuka nilimwambia atazame huku.